Watoto, Taarikhi na Kioo

Katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, huko Kew, upande wa magharibi wa London, kimewekwa kitabu kilichoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi za kondoo, ambacho mfalme William, yule aliyevuka bahari kutoka Normandy akaishinda Uingereza mwaka 1066, aliamuru kiandikwe alipokuwa barazani mwake mjini Gloucester siku za Krismasi za mwaka 1085. Amri ya mshindi haikawii kutimizwa. Na mwaka 1086 wajumbe wake walikwisha kuenea karibu nchi nzima, wakiwaapisha wazee wa vitongoji na kuwauliza ni nani aimilikiye ardhi hii na ni nani aliyeimiliki kabla ya vita, plau za kukokotwa na maksai ni ngapi, vinu ni vingapi, malisho na misitu ni kiasi gani, na thamani ya hayo yote ilikuwa nini zamani na sasa ni nini. Wenyeji waliiogopa hesabu ile, wakaipa jina la Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa, kama ilivyo hukumu ya Kiyama, hapakuwa na wa kukatiwa rufaa. Kitabu hicho cha kodi hakikuandikwa kwa ajili ya mtoto yeyote, wala sidhani kama yupo mtoto aliyewahi kukisoma kwa raha. Walakini miaka 900 baadaye ndicho kilichosababisha jaribio kubwa la kuiweka taarikhi ya nchi nzima katika kioo cha kompyuta kwa mikono ya watoto wenyewe, na habari za jaribio hilo, pamoja na za wazazi wake na za wanawe, ndizo ninazokusudia kuzieleza hapa.

Watu wengi hudhani kwamba sanaa ya kutengeneza tovuti za historia kwa watoto ilizaliwa jana, siku moja na simu za mkononi. Mimi naiona ina nasaba ndefu. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, kilitoka kitabu cha Jan Amos Comenius, askofu wa Moravia ambaye vita vya dini vilikuwa vimemtoa kwao na kumtangatangisha Ulaya. Jina lake lilikuwa Orbis Sensualium Pictus, maana yake ulimwengu uonekanao uliotiwa katika picha. Kilikuwa na sura 150, na kila sura ilitangulizwa na picha, na ndani ya picha kila kitu kilitiwa nambari ndogo, na chini yake, kwa Kilatini na kwa Kijerumani, nambari ile ile ilisimama kando ya jina la kitu hicho. Hata mtoto aliyeweka kidole juu ya picha alipelekwa penye neno, na aliyeanzia kwenye neno alirudishwa penye picha. Mtoto wa leo agusaye piramidi katika kioo na kufunguliwa maelezo chini yake afanya tendo lile lile la mtoto wa Nuremberg. Kilichoongezeka ni umeme, na umeme, kama itakavyodhihirika mbele, si mwenzi wa kuaminiwa sana.

Kitabu cha Comenius kilikuwa na upungufu mmoja ambao bibi zetu wa pwani hawakuwa nao: hakikumngoja mtoto ajibu. Bibi aliposema "Paukwa!" akanyamaza, hadithi haikusogea hata hatua moja mpaka watoto waitikie "Pakawa!", na kiitikio kilipolegea kwa usingizi alijua kuwa usiku umetosha, akaifunga hadithi yake akajinyoosha. Nilikulia katika nyumba ya namna hiyo, na nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza nilipofahamu kwamba mwito ule ulikuwa ni kipimo, ambacho kwacho msimulizi alipima kwa masikio yake, kila baada ya muda mchache, kama msikilizaji yungali pamoja naye au amekwenda zake. Mafundi wa kompyuta wamelihangaikia jambo hilo hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, wakalipa majina marefu na fedha nyingi. Kama wamempita bibi, sina hakika.

Mmoja wa wale wa mwanzo katika mafundi hao waliofanikiwa hakuwa hata na kioo. Mwezi wa Desemba 1971, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Don Rawitsch, aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu, alitakiwa awafundishe watoto habari za wahamiaji wa karne ya 19 waliosafiri kwa magari ya maksai kutoka Missouri mpaka Oregon, safari ya maili 2,000 hivi iliyokula miezi mitano au sita na kuwazika wengi njiani. Alikuwa amekwisha kuanza kuchora ramani kubwa ya karatasi ili watoto wacheze juu yake kwa dadu na kadi, ndipo wenziwe wawili aliokaa nao nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliokuwa wakisomea kufundisha hesabu na kujua kuandika programu, walipomshauri kwamba mchezo ule utiwe katika kompyuta. Skuli yenyewe haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na mashine ya taipu iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, nayo ilimpigia mtoto maneno juu ya karatasi, ikimwambia chakula kilichobaki ni kiasi hiki, risasi ni kiasi hiki, mbele kuna mto, wafanyaje? Aliyetaka kuwinda alilazimika kupiga herufi za neno BANG upesi na bila kosa, na aliyekosea alirudi mikono mitupu. Watoto walipanga foleni mlangoni kuingoja zamu, na nadhani mwalimu yeyote aliyewahi kuwaona watoto wakipanga foleni kwa ajili ya somo la historia ataandika tarehe ya siku hiyo ukutani.

Muhula ulipokwisha Rawitsch aliifuta programu yake katika mashine, kwa kuwa mashine haikuwa yake. Lakini kabla ya kuifuta aliichapa yote katika karatasi, akaichukua kwake. Mwaka 1974, alipoajiriwa na shirika la jimbo la Minnesota lililosimamia kompyuta za elimu, aliitoa karatasi ile akaipiga upya mstari kwa mstari, na safari hii akasoma shajara za wahamiaji wenyewe ili ajue ni mara ngapi walipatwa na maradhi, mvua na wizi, akazirekebisha bahati nasibu za mchezo zikaribiane na yale yaliyotokea. Kutoka hapo mchezo ulienea jimboni, kisha nchi nzima, na Wamarekani walio watu wazima leo hawawezi kutaja habari za kuhara damu bila ya kucheka, kwa kuwa ndiyo maradhi yaliyowaua katika kioo walipokuwa wadogo. Ulikuwa na ila yake, nayo si ndogo: ulimfundisha mtoto taabu za wahamiaji na kuwanyamazia walioingiliwa katika ardhi yao, na ilipasa ipite miaka 50, hata mwaka 2021, ndipo lilipotoka toleo lililotengenezwa kwa mashauri ya wanataarikhi wa wenyeji asilia wa Amerika. Ila msomaji alikumbuke jambo moja katika kisa hiki, nalo ni ile karatasi.

Sasa turudi Uingereza. Kati ya mwaka 1984 na 1986, miaka 900 ya kitabu cha William ilipokuwa ikikaribia, Peter Armstrong, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni katika BBC, alitoa rai kwamba sikukuu ya kitabu kile isiadhimishwe kwa hotuba, bali nchi ihesabiwe upya, na safari hii hesabu ifanywe na raia wenyewe, hasa watoto wa skuli. BBC ikashirikiana na makampuni ya Acorn, Philips na Logica. Nchi ikagawanywa katika ramani vipande vya mstatili, kila kimoja urefu wa kilomita 4 kwa 3, na vipande hivyo vikagawiwa skuli ambazo hesabu yake ilifika 9,000 hivi, pamoja na vyama vya wanawake na vya vijana mahali pasipokuwa na skuli. Watoto wakaambiwa watoke, watazame, waulize, waandike mambo ambayo wao wanadhani yatawastaajabisha watu watakaoishi miaka 1,000 baada yao, na kila kipande wakipigie picha tatu.

Nimezisoma baadhi ya kurasa hizo, na kwangu zina ladha ambayo sijaionja katika kitabu chochote cha historia kilichoandikwa kwa ajili ya watoto. Wajumbe wa William waliuliza mali. Watoto hawa waliuliza maisha. Walihesabu maduka ya kijiji na yale yaliyokwisha kufungwa, wakaandika bei, nyakati za basi, kazi za wazee wao na ukosefu wa kazi, vyakula, michezo ya uwanjani, mifugo na mimea ya mashamba. Na picha tatu walizopewa ziliwatia katika ikhtilafu ambayo naamini ilikuwa ndiyo darsa kubwa kuliko zote, kwa kuwa mtoto aambiwaye achague picha tatu tu za mji wake hawezi kuchagua mpaka aamue kanisa, kiwanda, skuli na duka la samaki wa kukaanga kipi ni kikubwa kuliko kipi, na hiyo ndiyo kazi ya mwanataarikhi tangu dunia iumbwe. Watu waliotia mkono katika kazi ile walizidi milioni moja. Kurasa zilizoandikwa zilikuwa zaidi ya 147,000, na picha zaidi ya 23,000.

Yote hayo yalitiwa katika diski mbili za leza, kubwa kama santuri za zamani, upana wake sentimita 30, moja ya maandishi na picha za wananchi, na moja ya takwimu na hati za taifa. Na kwa kuzungusha mpira mdogo kwa kiganja mtoto aliweza kuanza na ramani ya Uingereza nzima, akashuka kwenye jimbo, akashuka kwenye mji, akaingia mtaani kwake na kusoma alichoandika yeye na wenziwe. Miaka ile hapakuwa na intaneti ya watu wote. Hayo tunayoyaona leo kuwa mazoea ya kila simu yalikuwa ni karama. Kitabu kipya kikatoka mwezi wa Novemba 1986. Bei ya mashine na diski zake ikafika pauni 5,000 hivi, fedha ambazo skuli nyingi hazikuwa nazo wala hazikutarajia kuwa nazo, na matokeo yake ni kwamba wengi katika watoto wale waliolima hawakuyala mavuno. Hilo nalihesabu kuwa taksiri kubwa kuliko ile itajwayo zaidi, ambayo ninaifikia sasa.

Diski zile za namna ya pekee hazikupata wafuasi. Kompyuta zilizozisoma ziliacha kutengenezwa, mitambo yake ikachakaa mmoja mmoja, na haikutimia miaka 20 kabla ya watu kuanza kutangaza kwa mshangao kwamba kitabu cha mwaka 1086 chasomeka na kila ajuaye Kilatini na mwenye macho, ilhali kile cha mwaka 1986 kinakaribia kutosomeka na mtu yeyote. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu ambayo yaiiga ile kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, hata diski ikadanganyika na kufunguka. Mwaka 2011 BBC yenyewe iliziweka kurasa za wananchi katika tovuti, na watu waliokuwa na miaka kumi wakati wa kuandika, sasa wana watoto wao, wakaja kutafuta vipande vyao na kuongeza picha mpya za mahali pale pale. Mwaka 2018 tovuti hiyo nayo ikafungwa, nakala yake ikahamishiwa katika kumbukumbu za mtandao za Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo kitabu cha mfalme na kitabu cha watoto vimeishia kwa mlinzi mmoja, huko huko Kew.

Baina ya diski zile na tovuti ile, dunia ilikuwa imekwisha kubadilika. Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitoa mwaka 1989 rai ya kuziunga hati za kompyuta kwa viungo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba ufundi huo ni wa watu wote bila malipo. Na mwaka huo huo kivinjari cha Mosaic kikawezesha picha kuonekana pamoja na maneno katika ukurasa mmoja, jambo ambalo pasipo hilo tovuti ya mtoto haina maana. Makumbusho hayakukawia. British Museum ilikuwa na tovuti yake ya watoto juu ya Misri ya kale mwaka 1999, na BBC ikafungua kurasa za Wavikingi, za Ugiriki, za watoto wa zama za malkia Victoria na za watoto wa Vita vya Pili. Nyingi katika kazi hizo zilikuwa nzuri kwa hakika, zimeandikwa na watu wajuao, kwa sentensi fupi zisizomdharau msomaji. Ila mtu akizipitia ataona upesi kwamba maiti wa Misri wamepata nafasi kuliko walio hai wa mahali pengine popote, maana maiti aliyefungwa vitambaa humtisha mtoto kwa kiasi kinachompendeza, na mbunifu atafutaye kumshika mtoto kwa dakika tano hana subira ya kutafuta kitu kingine.

Katika miaka hiyo hiyo lilifanyika jambo ambalo limesahauliwa kabla ya wakati wake. Kuanzia mwaka 1996 yalikuwako mashindano yaitwayo ThinkQuest, ambayo yalianzia Marekani yakaenea nchi nyingi, na sharti lake lilikuwa kwamba kikundi cha wanafunzi, aghalabu wa nchi mbalimbali wasioonana kwa macho, watengeneze wao wenyewe tovuti ya kufundishia wenzao. Maelfu ya tovuti zikajikusanya katika maktaba moja, nyingi zikiwa za historia. Zilikuwa na rangi za kuumiza macho, na nyota zinazomemeteka pasipo na sababu, na makosa ya hapa na pale. Lakini mwandishi wake alikuwa na miaka kumi na minne na msomaji wake kumi na miwili, na baina ya hao wawili hapakuwa na mtu mzima wa kukisia ni nini mtoto ataelewa. Mwezi wa Julai 2013 maktaba hiyo ilifungwa na wenyewe, na kazi za watoto zikaondoka katika anwani zake.

Watu wazima waliobaki na kazi ya kukisia walikisia vibaya mara nyingi, mpaka walipoamua kukaa kitako na kuwatazama watoto wakitumia tovuti. Jakob Nielsen na wenziwe walifanya hivyo na wakatangaza waliyoyaona mwaka 2002: kwamba mtoto, kinyume cha sifa apewazo, hukwama upesi na kuondoka, kwamba kompyuta aitumiayo mara nyingi ni ile kuukuu ya mzazi au ya skuli, kwamba hukipitisha kipanya juu ya ukurasa wote kama mtu apapasaye gizani, akitafuta mahali patakapolia au kucheza, na kwamba tangazo la biashara likiwa na mnyama mzuri hulibonyeza akidhani ni sehemu ya somo. Mambo haya yangeweza kusemwa na mwalimu yeyote wa chuoni bila ya gharama, kwa maana naye amemwona mtoto akiuzungusha ubao wake kutazama upande wa pili kuna nini. Marekani ilikuwa imekwisha kupitisha sheria mwaka 1998, iliyoanza kazi Aprili 2000, ya kuwakataza wenye tovuti kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 bila ya ruhusa ya wazazi. Sheria njema, ijapokuwa ilizifanya baadhi ya tovuti ziache kabisa kumwuliza mtoto neno lolote, na msimulizi asiyeuliza tumekwisha kumsema.

Yaliyobaki ni habari ya Flash. Hiyo ilikuwa programu iliyotoka mwaka 1996, ambayo kwayo picha ziliweza kutembea na kuitika mguso wa mtoto, na kwa muda wa miaka 20 karibu kila mchezo wa historia ulijengwa juu yake, kuta za Roma na makaburi ya mafirauni, kama mji mzima uliojengwa juu ya ardhi ya kupanga. Mwenye ardhi alitoa notisi mwaka 2017, na tarehe 31 Desemba 2020 akaifunga. Baada ya hapo mjukuu wangu alipewa na mwalimu wake kazi ya kutafuta habari za kale, tukaifungua pamoja tovuti moja ya ughaibuni niliyoikumbuka kwa uzuri wake, na mahali palipokuwa na mchezo tuliona mraba wa kijivu. Akaugonga kwa kidole, akaugonga tena. "Babu, iko wapi?" Nikamwambia imekufa. Akanitazama kama ninavyotazamwa ninapokosea jina la timu yake, akachukua kitabu chake cha skuli, na kitabu kikafunguka.

Nasi wa pwani hii hatuna haki ya kuwacheka Waingereza kwa diski zao, kwa sababu mtihani wa chombo kufa kabla ya habari zake ulitufika zamani. Taarikhi ya Kilwa kwa Kiarabu twaijua kwa nakala iliyoandikwa Zanzibar katika karne ya 19, ambayo ilipitia mikononi mwa Sir John Kirk ikaenda London, na ikachapishwa huko mwaka 1895. Na mapokezi mengine ya taarikhi hiyo tumeyapata kwa Mreno, João de Barros, aliyeyachapisha Lisbon mwaka 1552. Kitabu cha wafalme wa Pate husimuliwa kwamba kilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule. Na tulicho nacho leo ni yale ambayo Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani, aliyatoa kifuani mwake akawasomea waandishi waliokuja kumwuliza. Naam, waliokuja kumwuliza. Laiti wasingekuja, angekufa na wafalme wake wote.

Kilwa yenyewe imetiwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara, na mafundi wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima magofu yake kwa mionzi ya leza, hata Husuni Kubwa, ile kasri yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari, yaweza kuzungushwa katika kioo pande zote. Kazi hiyo ni adhimu na imefanywa kwa ajili ya wahifadhi na wataalamu. Mtoto wa Kilwa Masoko, ambaye kwao na kisiwa kile pana mkono mmoja wa bahari, bado hajatengenezewa ya kwake kwa lugha yake, ingawa sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili lifundishwalo kwa Kiswahili, na ipo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003 ambamo mtu yeyote aweza kuandika. Mbunifu atakayekuja kumtengenezea namsihi asianze na birika. Aanze na mtoto mwenyewe, ampe kipande cha kilomita 4 kwa 3 na ruhusa ya picha tatu, amtume kwa manahodha wastaafu, kwa mafundi wa majahazi, kwa wasusi wa mikeka na wauza dagaa, akaulize na kuandika kwa Kiswahili cha kwao, na Kiingereza kikija kije baadaye. Kisha kila kilichowekwa katika mtandao kichapwe pia katika karatasi, nakala mbili, moja ibaki skuli na moja ipelekwe maktaba ya wilaya au nyaraka za taifa, kama alivyofanya Rawitsch kabla ya kuifuta programu yake katika mashine isiyo yake.

Wala si lazima tumngoje huyo mbunifu. Msomaji uliye na picha ya zamani ya skuli yako, au ya bandari, au ya harusi ya shangazi, itoe sandukuni leo, uigeuze, uandike nyuma yake kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Kisha umwite mtoto aliye karibu nawe, umwache akuulize hao ni kina nani.